Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Jinsi Seva za Linux Zinavyotambuana kwa Majina bila Rekodi za DNS

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana ya methali hii ilitudhihirikia alasiri moja katika chumba kidogo chenye tarakilishi tatu, tulimokuwa tukihifadhi hadithi, methali na mahojiano ya fasihi simulizi yaliyorekodiwa na wanafunzi nyanjani. Tarakilishi ya kwanza iliendesha tovuti, ya pili ilikuwa na hifadhidata, na ya tatu ilipokea nakala rudufu kila usiku. Zote zilikaa juu ya meza moja, zimeunganishwa kwa swichi moja na kebo zisizozidi mita mbili.

Siku hiyo intaneti ilikatika, nazo zilikuwa zimesalia siku mbili kabla ya makataa ya kuwasilisha kazi za nyanjani. Hatukushtuka. Wanafunzi walikuwa papo hapo chumbani, na tovuti waliifungua kwa nambari ya anwani yake, hivyo hawakuhitaji chochote kutoka nje. Hata hivyo, kila walipojaribu kuweka rekodi mpya, ukurasa ulikwama kwa muda, kisha ukatoa ujumbe kwamba hifadhidata haipatikani. Tulikagua kebo, tukaiwasha upya hifadhidata, tukaona iko nzima. Kosa lilikuwa kwingine. Tovuti ilikuwa imeelekezwa iitafute hifadhidata kwa jina, na tafsiri ya jina hilo ilikuwa imewekwa kwa mtoa huduma aliye ng'ambo. Mashine mbili zilizotenganishwa na upana wa mkono hazikuweza kutambuana mpaka swali livuke bahari na kurudi.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi seva ya Linux inavyolitafuta jina, na jinsi majina ya ndani yanavyoweza kutambulika bila rekodi ya DNS. Hoja yetu ya msingi ina pande mbili: jina la jirani halistahili kuulizwa ng'ambo, na anayeliandika jina hilo kwa mkono wake amejitwika dhima ya kulitunza.

Jina na Nambari

Tarakilishi hazijuani kwa majina. Anwani zinazosafiri katika kebo ni nambari, mathalani 192.168.10.11. Binadamu naye huiona nambari kuwa mzigo kwa kumbukumbu, ndiposa akaipa mashine jina: hazina, lango, ghala. Baina ya jina na nambari lazima pawe na mkalimani. Katika intaneti pana, mkalimani huyo ni mfumo wa majina ya vikoa, ambao mafundi huuita DNS.

Ikumbukwe kwamba nambari nyingine ni za ndani tu. Mwongozo wa mwaka 1996 uitwao RFC 1918 ulitenga nambari zinazoanza kwa 10, zinazoanza kwa 192.168, na zilizo kati ya 172.16 na 172.31, ili zitumiwe nyumbani, shuleni na maofisini bila kutangazwa katika intaneti ya umma. Kwa hivyo, jina linaloelekeza kwenye nambari ya aina hii lina maana kwa watu wa ndani pekee. Kuiweka tafsiri yake ng'ambo ni sawa na kumwachia ufunguo wa ghala mtu anayeishi ng'ambo ya bahari: kila utakapo kuingia, humna budi kumsubiri.

Kusubiri huko si jambo dogo. Kwa kawaida, maktaba ya glibc, inayotumiwa na programu nyingi za Linux kutafutia majina, humpa kila mkalimani wa DNS sekunde 5 kabla ya kumwendea mwenzake, kisha huuliza mzunguko wa pili. Ikiwa umeorodhesha wakalimani wawili na hakuna anayejibu, sekunde 20 huweza kupotea kwa swali moja. Hii ndiyo sababu tovuti yetu haikukataa papo hapo. Ilikwama kwanza, nasi tukadhani mashine imechoka.

Faili Moja ya Mtandao Mzima

Kutambua majina bila DNS si uvumbuzi mpya. Ndio uliokuwa utaratibu wa awali. Mtandao wa ARPANET wa Marekani, uliotangulia intaneti ya leo, ulitegemea faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT. Faili hii ilitunzwa katika kituo cha taarifa za mtandao kwenye taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler tangu 1972 hadi 1989. Aliyetaka kuongeza tarakilishi aliwasiliana na kituo hicho. Jina likaingizwa, na wengine wote wakaichukua faili mpya.

Utaratibu huo ulifaa wakati mashine zilipokuwa chache. Mtandao ulipopanuka, faili ilizidi urefu na idadi ya waliohitaji kuinakili ikazidi pia. Mashine 10 zikinakili orodha ya mistari 10, mistari inayosafirishwa ni 100. Mashine 1,000 zikinakili orodha ya mistari 1,000, inakuwa 1,000,000. Paul Mockapetris, aliyechapisha mapendekezo ya kwanza ya DNS mwaka 1983 na kuyaimarisha mwaka 1987, aliitaja gharama hii kuwa mojawapo ya sababu za kuubuni mfumo mpya, ambamo kila asasi hutunza majina yake yenyewe.

Hata hivyo, faili haikuzikwa. Kila seva ya Linux ingali na orodha yake ndogo katika faili ya /etc/hosts. Lililofanywa na HOSTS.TXT kwa mtandao mzima, faili hii hulifanya kwa mashine moja.

Nani Aulizwe Kwanza?

Seva inapopewa jina, haikimbilii DNS moja kwa moja. Kwanza husoma mpangilio wa kuuliza, ulioandikwa katika faili ya /etc/nsswitch.conf. Humo mna mstari kama huu:

hosts: files dns

Mstari huu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Neno la kwanza baada ya nukta mbili laamuru kwamba faili ya /etc/hosts iulizwe kwanza. Jina lisipopatikana humo, ndipo DNS iulizwe. Jina likipatikana katika faili, swali huishia hapo, na hakuna chochote kinachotoka nje ya mashine. Mpangilio huu ndio uliotuokoa.

Katika baadhi ya seva utaona maneno zaidi, kwa mfano:

hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns myhostname

Neno mdns4_minimal hushughulikia majina yanayoishia kwa .local, ambayo tutayarejelea baadaye. Maneno yaliyo katika mabano ya mraba ni amri: jina la aina hiyo lisipopatikana hapo, usiendelee kuuliza mbele. Neno myhostname nalo huiwezesha mashine kulijua jina lake yenyewe hata kama halikuandikwa popote.

Hapa pana jambo linalowakanganya wengi. Fundi huandika jina katika faili, kisha hulipima kwa amri ya dig au nslookup, akaambiwa halipo. Huifuta kazi yake akidhani amekosea. Ukweli ni kwamba amri hizo hazifuati mpangilio wa nsswitch. Huiendea seva ya DNS moja kwa moja. (Pale ambapo systemd-resolved inapokea maswali hayo katika anwani ya 127.0.0.53, jibu la faili laweza kuonekana, kwa kuwa yenyewe huisoma /etc/hosts.) Kipimo cha haki ni amri hii:

getent hosts hazina

Amri ya getent huuliza kwa njia ile ile ambayo programu nyingine hutumia. Ikirudisha nambari, tovuti yako nayo ina nafasi nzuri ya kuipata.

Kuiandika Faili

Faili yenyewe ni nyepesi kuielewa. Kila mstari huanza kwa nambari, ukafuatiwa na jina kamili, kisha majina mafupi. Yetu ilikuwa hivi:

127.0.0.1 localhost
192.168.10.11 hazina.chama.internal hazina
192.168.10.12 lango.chama.internal lango
192.168.10.13 ghala.chama.internal ghala

Mistari mitatu tuliyoiongeza katika kila mashine ndiyo iliyorejesha kazi alasiri ile, intaneti ikiwa bado imekatika. Jina kamili litangulie jina fupi, kwa sababu programu zinazouliza jina rasmi la mashine hupokea lile la kwanza. Alama ya # huanzisha maelezo yasiyosomwa na mashine, nayo ni mahali pazuri pa kuandika nani aliongeza mstari na lini. Faili huandikwa na mtumiaji mkuu pekee, yaani root, na kwa programu nyingi mabadiliko hufanya kazi mara moja bila kuiwasha upya seva.

Kabla ya hayo yote, nambari zenyewe sharti ziwe za kudumu. Ikiwa ruta huzigawa anwani upya kila mashine inapowashwa, basi faili itakuwa na anwani ya nyumba iliyohamwa. Ama zipange nambari katika mashine zenyewe, ama iagize ruta ihifadhie kila mashine nambari yake.

Mitego Inayojulikana

Ijapokuwa faili ni nyepesi, ina mitego ambayo haina budi kutajwa.

Mtego wa kwanza ni wa ruhusa. Faili ikiandikwa kwa namna ambayo root pekee ndiye awezaye kuisoma, fundi atajaribu jina na kulipata, ilhali tovuti, inayoendeshwa na mtumiaji mwingine asiye na uwezo huo, haitaliona. Ruhusa inayostahili ni 644: wote wasome, mwenyewe pekee aandike.

Mtego wa pili hupatikana katika Debian na jamii yake. Mfumo ukiwekwa, mara nyingi jina la mashine yenyewe huandikwa kando ya anwani ya 127.0.1.1, ambayo haitoki nje ya mashine hiyo. Hifadhidata ikiamriwa isikilize kwa jina hazina, nayo hazina ikawa 127.0.1.1, itajisikiliza yenyewe tu. Majirani watabisha hodi bila kuitikiwa.

Mtego wa tatu huja baada ya kubadilisha jina la mashine. Jina jipya likiwekwa katika /etc/hostname bila kuandikwa katika /etc/hosts, amri ya sudo huenda ikanung'unika kwamba haimtambui mwenyeji, na wakati mwingine ikachelewa. Dawa yake ni kuzirekebisha faili zote mbili kwa pamoja.

Mtego wa nne ni wa programu zenye kumbukumbu ndefu. Nginx, kwa mfano, kwa kawaida hutafsiri majina yaliyo katika mipangilio yake inapowashwa, kisha huishikilia nambari hiyo. Ukibadilisha faili, iamuru isome mipangilio yake upya. Aidha, makontena ya Docker yana faili zao za /etc/hosts, na mifumo midogo kama Alpine hutumia maktaba ya musl, ambayo haiangalii nsswitch.conf kabisa. Usidhani kwamba kinachoonekana katika mashine mama kinaonekana ndani ya kontena.

Kuita kwa Sauti Uani

Je, yawezekana mashine zikatambuana bila faili na bila DNS ya kawaida? Yawezekana. Kuna itifaki iitwayo mDNS, iliyoandikwa na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa kampuni ya Apple na kuchapishwa kama RFC 6762 mwaka 2013. Badala ya kumwendea mkalimani mmoja, mashine hupaza sauti kwa jirani zote: "Ni nani aitwaye hazina.local?" Swali hupelekwa kwa anwani ya pamoja ya 224.0.0.251, kupitia mlango nambari 5353, na mwenye jina hujibu mwenyewe.

Katika Linux, kazi hii hufanywa aghalabu na programu ya Avahi. Jina hilo limetoka jirani na pwani yetu: avahi ni neno la Kimalagasi litajalo aina ya lemuri wenye manyoya mengi wa Madagaska.

Njia hii inafaa sana kwa printa na tarakilishi za mezani zinazokuja na kuondoka. Kwa seva ina upungufu. Kwanza, sauti hiyo kwa kawaida haivuki ruta. Mashine zilizo katika jengo jingine hazitaisikia. Pili, yeyote aliye uani anaweza kuitikia jina lisilo lake. Mwizi akiitikia "mimi ndimi hazina", hakuna mzee wa mtaa wa kumkana. Kwa mashine tatu zinazobeba kazi za watu, tuliona heri faili, ambayo jibu lake hutoka ndani ya mashine inayouliza.

Kuchagua Majina, na Nafasi ya Kiswahili

Mwisho wa jina nao una athari zake. Asasi nyingi zilizoea kuziita mashine zao kwa .local kabla mwisho huo haujatengewa mDNS, na hadi leo zikiweka Avahi hushangaa majina yao ya DNS yakipotea. Sababu ni ile amri iliyo katika mabano ya mraba. Wengine walijichagulia .dev kwa majaribio. Kikoa hicho kikaja kumilikiwa na Google. Mwaka 2017 kivinjari cha Chrome kikaanza kulazimisha njia salama ya HTTPS kwa majina yote ya.dev, na tovuti nyingi za majaribio zikaacha kufunguka. Funzo ni kwamba usijenge kwenye shamba usilo na hati yake. Mwaka 2018 mwisho wa home.arpa ulitengwa kwa mitandao ya nyumbani, na Julai 2024 shirika la ICANN likaamua kwamba .internal haitakabidhiwa mtu yeyote katika DNS ya umma. Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua katika mfano wetu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna habari njema. Majina ya mashine hukubali herufi za a hadi z, tarakimu na kistari kifupi, na othografia yetu karibu yote inaingia humo. Hazina, lango, kisima, mnara: yote ni majina halali. Kinachokataliwa ni ritifaa. Mashine haiwezi kuitwa ng'ombe wala king'ora. Italazimu kuandika ngombe na kingora, na hapo sauti hubadilika ingawa maana hukisiwa. Mstari wa chini, ambao wengi huutumia kuunganisha maneno, nao haukubaliwi. Tumia kistari: ghala-kuu.

Istilahi ya mwenyeji nayo yastahili kutazamwa. Tunaitumia kwa mashine iliyo katika mtandao, nayo inafaa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika lugha yetu mwenyeji ni mtu anayejua mahali na anayejulikana mahali hapo. Mashine isiyowajua jirani zake bila kuuliza ng'ambo bado ni mgeni katika chumba chake.

Dhima ya Mwandishi wa Faili

Tungekoma hapa, msomaji angedhani tumepata tiba isiyo na madhara. Miezi kadhaa baada ya kisa cha kwanza, tarakilishi iliyokuwa ikipokea nakala rudufu iliharibika, ikaletwa nyingine yenye nambari tofauti. Tulirekebisha faili katika lango, kwa kuwa ndiko tulikokuwa tumeketi. Katika hazina tulisahau. Kila usiku hifadhidata iliendelea kutuma nakala kwa nambari ya zamani, ambako hapakuwa na mtu. Ujumbe wa kosa uliandikwa katika faili ya kumbukumbu ambayo hakuna aliyeisoma. Tuligundua baada ya wiki tatu, na kwa bahati tu, mmoja wetu alipohitaji rekodi aliyoifuta kwa makosa. Rekodi hiyo, mahojiano na bibi wa mwanafunzi huyo, haikupatikana tena.

DNS ingetuepushia hilo, maana tungelibadilisha jina mahali pamoja tu. Faili ilituokoa siku ya kwanza kwa sababu iko katika kila mashine, na ikatuponza baadaye kwa sababu hiyo hiyo. Ni tatizo lile lile lililoikumba HOSTS.TXT, ila kwa mashine tatu.

Tangu hapo tulijiwekea kanuni. Nakala mama ya faili ni moja. Haihaririwi kwenye mashine, bali hunakiliwa kutoka kwa mama kwenda kwa zote kwa amri moja, na kila badiliko hupewa tarehe na sababu. Baada ya kunakili, getent huendeshwa katika kila mashine na majibu yakalinganishwa. Mashine zikizidi kumi hivi, au zikianza kuongezwa mara kwa mara, ni heri kuweka dnsmasq katika mojawapo: programu hii ndogo huisoma /etc/hosts ya mashine yake na kuwajibia wengine wote kwa njia ya DNS, humo humo ndani. Kwa njia hiyo orodha hurudi kuwa moja, na swali halitoki nje ya chumba. Ila mashine hiyo ikizimika, wote hubaki bila mkalimani. Kwa hivyo majina mawili matatu ambayo kazi haiwezi kwenda bila hayo yabakie pia katika faili za mashine husika.

Hitimisho

Tumeona kwamba seva ya Linux hufuata mpangilio unaoweza kusomwa na kubadilishwa. Kwamba faili ya /etc/hosts hujibu kabla ya DNS pale mpangilio unaporuhusu. Kwamba mDNS hufaa uani lakini ina mipaka. Na kwamba kila jina lililoandikwa kwa mkono linahitaji mtu wa kulikumbuka.

Tunampendekezea msomaji anayetunza seva jaribio moja. Chagua siku isiyo na makataa, wajulishe watumiaji, kisha chomoa kebo ya intaneti kwa dakika 10. Kila kitakachokwama ilhali mashine zake zimo chumbani kinategemea fimbo iliyo mbali. Kiandike katika daftari, uirudishe kebo, kisha uanze kurekebisha kimoja baada ya kingine.